UZI: Dagaa, mbalamwezi na planktoni. Wale wadudu hawaelei tu, wanachagua

Fundi Maji Chumvi (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila mada ya dagaa ikifunguliwa humu, lazima atokee mtu aulize kwa nini mwezi ukijaa dagaa wanaadimika, vyombo vinalala ufukweni na bei ya sado inapanda. Na lazima atokee mwingine ajibu kwamba samaki wanaogopa mwanga. Sasa kama wanaogopa mwanga, karabai inawaitaje?

Tukimkazia macho dagaa peke yake hatufiki. Lazima tushuke hadi kwenye chakula chake. Nilisoma mambo ya bahari miaka hiyo, leo nauza vifaa vya umeme, ila hawa wadudu hawajaniachia. Nitaandika kwa vipande, mnivumilie, mbalamwezi nitaifikia.

Planktoni ni jina la jumla la viumbe wa majini wasio na nguvu ya kushindana na mkondo. Kuna wa jamii ya mimea, wanaotengeneza chakula kwa jua. Hawa peke yao wanafanya karibu nusu ya kazi yote ya namna hiyo duniani. Nusu nyingine ndiyo misitu, nyasi na mashamba yote ukiyajumlisha. Halafu kuna wanyama: mabuu ya kaa, vifaranga vya samaki, majeli, uduvi mnaowaunga kwa nazi, na wanaoongoza kwa wingi, kopepodi.

Kopepodi ni ndugu wa kamba na kaa. Wengi hawazidi milimita 1 au 2. Mweke chini ya lenzi: mwili unapitisha mwanga, antena mbili ndefu zimenyooka kulia na kushoto, jicho moja tu, mara nyingi jekundu, katikati ya kichwa. Akila mwani utumbo unageuka kijani na unaona kabisa chakula kinavyoshuka.

Sasa, huyu anakula vipi? Kwa miongo mingi vitabu vilijibu bila wasiwasi kwamba anachuja. Miguu ya mdomoni ina manyoya ya vipimo vya mikroni (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), maji yanapita, mwani unabaki, anameza. Hesabu nzuri kwenye karatasi. Watu wakapima nafasi kati ya manyoya wakatabiri atakula mwani wa ukubwa gani.

Walichosahau ni maji yenyewe. Kwa kiumbe wa milimita moja, maji si haya tunayoyajua mimi na wewe. Unata wa maji unatawala kila kitu, anaogelea kama aliye ndani ya asali. Akiacha kupiga miguu, anasimama hapo hapo, hakuna kuteleza mbele. Na kila unyoya unavaa tabaka la maji lisilotaka kuachia. Manyoya yakikaribiana, matabaka yanagusana na chujio linageuka kuwa kasia: linasukuma maji, halipitishi.

Mwaka 1981 watafiti wawili, mmoja jina lake Mimi Koehl na mwingine Rudi Strickler, walitoa utafiti uliolizika lile chujio. Namna walivyofanya ndiyo inanifurahisha. Wanachukua kopepodi, wanambandika unywele mgongoni kwa gundi ili asikimbie mbele ya kamera, wanamwachia wino karibu na mdomo, wanapiga filamu ya kasi kubwa kwa hadubini. Wino ukaonyesha kwamba viungo vya mdomoni vinapiga na kuvuta mkondo wa maji kupita pembeni ya mnyama. Mkondo huo haupiti kwenye chujio hata kidogo. Chembe ya mwani ikikaribia, jozi moja ya viungo inafunguka ghafla, inavuta tone la maji lenye ile chembe, inajifunga, inakamua maji nje. Chembe moja moja. Anazidaka.

Nakunywa chai, narudi.

Siti ya Mbele

Nimekaa paleee. Mleta mada usikimbie.

Mzee wa Pondo

Mwanangu umeahidi mbalamwezi unatuletea nywele. Tunasubiri.

Dada Hesabu

Swali: anajuaje kwamba chembe inakuja? Umesema jicho moja. Anaiona?

Fundi Maji Chumvi

Dada Hesabu swali zuri kuliko unavyodhani. Jicho lile linatofautisha mwanga na giza, na wengi wao halitengenezi picha. Haioni. Anainusa.

Kila chembe ya mwani inavuja kidogo kemikali zake, kwa hiyo imezungukwa na kiwingu cha harufu. Ule mkondo anaouvuta kopepodi unakwenda kasi zaidi karibu naye na polepole mbali naye, basi kiwingu kinanyooshwa kumwelekea. Harufu inamfikia kabla ya chembe. Anapata muda wa kujiandaa.

Na ulimi anao, tuseme hivyo. Mwaka 1978 watafiti Poulet na Marsot waliwatengenezea kopepodi vidonge vidogo mno, vingine vimetiwa majimaji ya mwani, vingine havina kitu, ukubwa ule ule. Wakala zaidi vyenye ladha. Mtu anayechuja tu asingeweza kubagua vitu vya kipimo kimoja.

Wengine hawavuti mkondo kabisa. Oithona, kopepodi mdogo aliye karibu kila bahari, ananing'inia kimya. Anasubiri mtikisiko. Kiumbe kinachoogelea jirani kikitikisa maji, vinyweleo vya antena vinashika, anaruka, amekwisha. Mwani usiojongea unaweza kupita mbele yake akaukosa. Na yupo Acartia tonsa, huyu mjanja: Wadenmaki, akina Thomas Kiørboe, walionyesha miaka ya 1990 kwamba anabadili mbinu kwa kuangalia chakula kilichopo. Mwani tulivu ukiwa mwingi anavuta mkondo. Viumbe wanaojongea wakizidi, anazima injini na kuvizia.

Sasa mgeuze awe yeye anayewindwa. Mtikisiko ule ule unaomletea chakula unamwambia pia kwamba adui amefika. Anaruka ndani ya sehemu chache za elfu za sekunde, na kwa muda huo mfupi anafikia mamia ya urefu wa mwili wake kwa sekunde. Baadhi yao mishipa yao ya fahamu imefungwa ala inayoharakisha habari, kitu ambacho tulizoea kukiona kwa wenye uti wa mgongo kama sisi. Iligunduliwa kwao mwaka 1999.

Ndiyo maana farasi-bahari ana kichwa cha ajabu vile. Utafiti wa 2013 ulionyesha umbo la pua yake linaacha maji karibu tuli mbele ya mdomo, kopepodi hashtuki mpaka amechelewa. Mnyama mzembe kuogelea kuliko karibu samaki wote, anamvizia mmoja wa warukaji wakali kabisa baharini.

Kijana wa Msasani

Mkuu kama anabagua hivyo, mbona tunaambiwa planktoni wanakula plastiki?

Fundi Maji Chumvi

Wanakula. Mwaka 2013 Matthew Cole na wenzake huko Uingereza waliwapa planktoni wanyama vishanga vya plastiki vya mikroni chache na aina 13 zilivimeza. Kopepodi waliojaa vishanga walikula mwani pungufu. Vishanga vingine vikatoka na kinyesi, vingine vikanasa kwenye manyoya ya miguu.

Kubagua hakumaanishi kutokosea. Tena plastiki ikikaa baharini inaota utando wa bakteria na mwani, inaanza kunukia chakula. Hapo pua inageuka mtego. Na kumbuka kinyesi cha kopepodi ni kitu cha maana: ni vifurushi vilivyofungwa vinavyozama na kaboni hadi chini. Ukitia plastiki nyepesi ndani, kinazama polepole.

Mlevi wa Takwimu

Yote sawa, ila kuna hela hapo? Naulizia rafiki.

Siti ya Mbele

😂😂 Mwacheni mwalimu afundishe.

Fundi Maji Chumvi

Mlevi, kila dagaa unayemla ni kopepodi waliobadilika umbo. Hela iko kwenye sahani yako.

Haya Mzee wa Pondo, mbalamwezi.

Mwaka 1942, vita ikiendelea, wataalamu waliokuwa wakijaribu sonari (chombo kinachopiga sauti majini na kusikiliza mwangwi) karibu na California waliona mwangwi unaorudi kutoka mita 300 na kitu, wakati sakafu ya bahari ilikuwa mbali zaidi chini. Sakafu ya uongo. Kilichowachanganya, jioni "sakafu" ilipanda. Mwaka 1945 Martin Johnson wa Scripps, taasisi ya utafiti wa bahari, akafuatilia usiku kucha na kueleza kwamba ni viumbe hai. Sehemu kubwa ya mwangwi ni samaki wadogo wenye vifuko vya hewa na jamii za kamba, lakini wanachokifuata ni planktoni. Kila siku, bahari zote, jua likizama wanapanda kula, alfajiri wanashuka. Kwa uzito, hakuna msafara wa wanyama unaofikia huo, wale nyumbu wa Serengeti wakae pembeni.

Kwa nini washuke? Mwani uko juu kwenye jua. Huko chini ni baridi, giza, chakula haba. Jibu lililosimama ni macho ya samaki. Mchana juu unaonekana, unaliwa.

Ushahidi ninaoupenda unatoka kwenye maziwa ya milima ya Tatra, Poland. Mtafiti Gliwicz alikuta maziwa yasiyo na samaki, mengine ambayo watu walipandikiza samaki nyakati zinazojulikana, na mengine yenye samaki tangu zamani sana. Kopepodi wa aina moja: pasipo samaki hawahami, wanakaa juu mchana kweupe. Kadiri samaki walivyokaa ziwani muda mrefu, ndivyo safari ya usiku na mchana inavyokuwa ndefu. Aliitoa 1986. Na kwa viroboto-maji wa maji baridi, waitwao Daphnia, tunajua hata ishara yenyewe: mwaka 2019 Wajerumani walitambua chumvi ya nyongo inayotoka kwa samaki jamii ya carp. Kiroboto akiinusa, anashuka. Ukiwa na nyongo umejulikana.

Huyo huyo Gliwicz mwaka huo huo alitoa utafiti mwingine, na huu ni wa kwetu kabisa. Bwawa la Cahora Bassa, Msumbiji. Humo kuna Limnothrissa miodon, dagaa wa Ziwa Tanganyika. Alipandikizwa kwenye bwawa la Kariba mwaka 1967 na 1968, akateremka na mto Zambezi hadi Cahora Bassa. Gliwicz akaona idadi ya planktoni wanyama inapanda na kuporomoka kwa kufuata mwezi. Tazameni sababu.

Siku zinazofuata mwezi mpevu, jua linazama na mwezi bado haujatoka. Giza linaingia. Planktoni wanafanya kama kawaida, wanapanda kula. Kisha mwezi unachomoza, wao wako juu, mwanga umewakuta wazi na dagaa wako hapo hapo. Kabla ya mwezi kujaa hakuna mtego huo, maana jua likizama mwezi tayari uko angani, giza la kuwadanganya halipo.

Kwa hiyo mbalamwezi dagaa hajaogopa wala hajahama. Yuko kazini. Anaona chakula chake mahali pengi kwa wakati mmoja na hana haja ya kukusanyika chini ya taa ya mtu. Karabai inafanya kazi usiku wa giza kwa sababu ndiyo mwanga pekee: planktoni wengi wanavutwa nao, dagaa anavutwa nao, wote wanarundikana sehemu moja. Mwezi ukijaa taa yako ni moja tu kati ya mwanga uliotapakaa kila mahali.

Mzee wa Pondo

Sasa umesema. Nikwambie tunavyofanya. Mwezi kumi na saba, kumi na nane, tunaingia majini magharibi ile ile. Mtumbwi wa taa unatangulia, taa inawashwa, nyavu inazungushwa mapema. Mwezi ukichungulia tu tunakusanya tunaondoka, hata kama ndoo hazijajaa, maana baada ya hapo ni kupoteza mafuta. Siku zinavyosogea giza la mwanzo linarefuka tunapata nafasi zaidi. Wazee walitufundisha hivyo, hawakumtaja huyo Mzungu.

Fundi Maji Chumvi

Mzee, umetaja lile lile dirisha la giza. Mwezi unachelewa kutoka kwa kama dakika 50 kila siku, ndiyo hesabu yenu. Gliwicz alikuwa anahesabu waliobaki hai baada ya dirisha kufungwa, nyinyi mnahesabu ndoo kabla halijafungwa.

Na si maji ya joto tu. Mwaka 2016 Kim Last na wenzake walionyesha kwamba Aktiki wakati wa baridi, jua halitoki kabisa, planktoni wanaacha saa za jua na kufuata mwezi. Ukijaa, kila baada ya siku 29.5, wanazama hadi kama mita 50.

Binti Utende

Nimesoma yote. Huku Mafia papa potwe wanakuja kwa wingi Oktoba mpaka Machi upande wa Kilindoni, na mara nyingi wako karibu na vyombo vya dagaa. Wavuvi wanasema potwe anaonyesha dagaa walipo. Anakula dagaa au planktoni?

Fundi Maji Chumvi

Binti Utende, walipima huko huko kwenu. Utafiti wa Rohner na wenzake, 2015. Walivuta neti ya planktoni mahali potwe anapokula na mahali asipokula. Anapokula, aliyetawala ni kamba mdogo sana, Lucifer hanseni, wa ukoo wa uduvi. Nje ya hapo waliotawala ni kopepodi. Yaani lile dubwana la tani kadhaa nalo halifungui mdomo ovyo, linatafuta pale uduvi walipojazana. Dagaa naye anataka chakula cha namna hiyo, ndiyo maana wavuvi wenu wanawakuta pamoja.

Mswahili wa Matrah

Salaam kutoka Oman. Huku kwetu miezi ya baridi, kuanzia Januari, bahari inageuka kijani kizito, na usiku maji yakipigwa yanawaka buluu. Watoto wanashangilia, wavuvi wananuna. Ni hao hao?

Fundi Maji Chumvi

Waalaykum salaam shekhe. Huyo ni Noctiluca scintillans, chembe moja tu lakini kubwa, anaweza kufika milimita moja. Naye anakula: ana mkia wenye kunata unaonasa chakula na kukipeleka mdomoni. Huyo wa kijani wa kwenu amezidi ujanja, ndani ya mwili wake anafuga mwani hai unaomtengenezea chakula kwa jua. Akikosa cha kuwinda anakula shambani kwake.

Mwaka 2014 Helga Gomes, Joaquim Goes na wenzao walieleza kwamba ameshika nafasi ya daiatomu (mwani wa chembe moja wenye ganda kama kioo) katika Bahari ya Arabuni wakati wa pepo za kaskazi, na wakahusisha hilo na maji yenye oksijeni kidogo yanayopanda juu. Ule mwani anaoufuga unastahimili hali hiyo vizuri kuliko daiatomu. Wavuvi wana haki ya kununa: daiatomu huliwa na kopepodi, kopepodi huliwa na samaki. Noctiluca ni mkubwa mno kwa kopepodi wengi, wanaomudu kumla ni majeli na salpa, wanyama laini wanaoelea kama vifuko vya jeli. Chakula kinaacha njia ya samaki.

Kuhusu kuwaka, maelezo mojawapo ni king'ora. Kopepodi akimgusa anawaka, mwanga unamfichua kopepodi kwa samaki. Na wapo dainoflajeli, yaani jamii ya huyo Noctiluca, wanaojibu kwa sumu. Erik Selander wa Gothenburg, Sweden, na wenzake walitambua mwaka 2015 mafuta maalumu yanayovuja kutoka kwa kopepodi. Ukiyatia kidogo sana kwenye maji yenye Alexandrium, mmoja wa hao dainoflajeli, wanaongeza sumu, ile ile inayopooza watu waliokula chaza waliojaa huyo mwani. Mwani nao unanusa.

Dada Hesabu

Kwa hiyo wote wananusana: samaki ananuswa, kopepodi ananuswa, mwani unanuswa. Nani hanuki?

Kijana wa Msasani

Anayeoga.

Mwalimu Form Two

Mkuu nina wanafunzi 60 na hadubini moja ambayo kioo kimepasuka. Nifanyeje wawaone hawa wadudu?

Fundi Maji Chumvi

Mwalimu, tafuta soksi ndefu nyembamba ya kike. Mdomo wake ushone kwenye waya wa duara, funga kamba tatu zikutane mbele. Kata kidole cha soksi, chomeka chupa ndogo ya plastiki, kaza kwa mpira. Kopepodi wakubwa watanasa. Mwani mwingi utapita, matundu ni makubwa.

Vuta polepole ukitembea kwenye gati au ukiwa kwenye mtumbwi. Ukivuta haraka maji yanagoma kuingia yanamwagika pembeni. Mimina kwenye chombo cheupe, zima taa, mulika tochi upande mmoja. Baada ya dakika chache utaona waliokusanyika kwenye mwanga na waliokimbilia upande wa pili. Lenzi ya kawaida ya kukuzia maandishi inatosha kuona kuruka. Halafu ingiza bomba la kunyonyea dawa karibu na mmoja, uvute taratibu: wengi utawakosa, na wanafunzi wataelewa ile habari ya farasi-bahari bila ubao.

Mwalimu Form Two

Saa ngapi nzuri?

Fundi Maji Chumvi

Vuta mara mbili mahali pamoja, saa sita mchana na saa mbili usiku, maji yakiwa kimo kile kile, na usiku uwe wa giza. Wahesabu kwenye kijiko kimoja kimoja kutoka kila chupa. Ukipata namba zilete hapa, Mzee wa Pondo atatuambia mwezi ulikuwa wa ngapi.

Mzee wa Pondo

Leo mwezi una siku kumi. Asubiri kidogo.